Tupeane uzoefu: kichujio cha sponji na pampu ya hewa, wenye matangi ya samaki Bukavu

Mwanzisha mada, Nguba

Jambo kwenu wote. Watu wengi wananiuliza swali lile lile: tangi nimepata, maji nimejaza, sasa nitie kichujio gani katika mji ambao umeme unakwenda na kurudi? Jibu langu ni sponji na pampu ya hewa. Pampu yenyewe inakula wati 2 hadi 5 tu, bei yake mtu wa kawaida anaiweza, na ikiharibika fundi wa mtaani anaifungua. Naomba kila mwenye tangi aeleze alivyolipanga la kwake, na lililompata.

Naanza mimi. Tangi langu ni la lita 80. Sponji lina tundu katikati, bomba limesimama ndani ya lile tundu, na mpira mwembamba unaleta hewa hadi chini ya bomba. Mapovu yakipanda yanapanda na maji, na maji mengine yanavutwa kupitia sponji kujaza nafasi. Uchafu unanasa hapo. Lakini kazi kubwa inafanywa na bakteria wanaojijenga ndani ya vitundu vya sponji. Kundi moja linageuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao wanahitaji wiki 4 hadi 6 kushika. Kwa hiyo anza na samaki wachache sana, lisha kidogo, usiwe na haraka.

Mpira wa hewa uingie mpaka chini kabisa ya bomba. Ukiishia katikati, mapovu utayaona lakini maji hayapandi inavyotakiwa. Ukitia jiwe la hewa humo ndani, yaani kile kijiwe chenye vitundu kinachofungwa kwenye ncha ya mpira, mapovu yanakuwa madogo, kelele inapungua, na maji yanapanda vizuri zaidi.

Mama wa Muhumba

Aksanti ndugu kwa kufungua hii. Mimi nataka watu wasikie habari ya maji kurudi. Aliyetupangia tangi aliiweka pampu chini sakafuni, nyuma ya kabati, ati isionekane. Usiku umeme ukakatika. Hewa ilipoacha kusukuma, maji yakaingia kwenye mpira, yakashuka hadi kwenye pampu, yakaendelea kumwagika. Watoto ndio waliotuamsha asubuhi: zulia limelowa, samaki wamebaki na maji ya vidole viwili, wanapumulia ubavu.

Sasa pampu iko kwenye rafu juu ya tangi, juu kuliko uso wa maji. Na katikati ya mpira tumeweka ile valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Inauzwa pesa kidogo. Kabla ya kuifunga ipulize kwa mdomo: upande mmoja hewa inapita, upande wa pili inagoma. Upande unaopulizia hewa ikapita ndio unaoelekea pampu. Mama wenzangu, msikubali mtu awapangie tangi bila hiyo valvu.

Fundi wa Kadutu

Mama amesema kweli. Mimi naongeza ya mafundi. Mpira wa hewa ukikosekana sokoni, nenda famasi ununue mpira wa seramu, ule wa dripu ya mgonjwa, mpya, ungali ndani ya pakiti yake. Ni mwembamba kidogo, basi chovya ncha kwenye maji ya moto, itanuke, ndipo uisukume kwenye pua ya pampu. Kile kigurudumu cha kupunguzia seramu kinakusaidia kupunguza hewa. Ila usikikaze sana kama pampu ina tundu moja tu, maana hewa ikikosa njia inaipasua ile ngozi ya mpira iliyo ndani ya pampu, inayosukuma hewa. Afadhali utie kiungo cha njia tatu, hewa ya ziada itokee pembeni.

Pampu nyingi zinazoletwa kwangu hazijafa. Ukiigeuza chini unakuta kipande cha sufi kinachochuja hewa, kimeziba vumbi la kiangazi na moshi wa makaa. Badilisha kile kipande, pampu inarudi kupuliza kama zamani. Isipopona, ndipo nafungua skurubu na kuangalia ngozi.

Mwanafunzi, Bagira

Wakubwa, nina maswali mawili. Sponji la godoro linafaa? Na naweza kuteka maji ya ziwa nijaze tangi, maana ya bomba kwetu yanakuja kwa zamu?

Mwalimu wa kemia, Ibanda

Mdogo wangu, sponji la godoro linaweza kufaa likiwa jipya, halina rangi wala dawa. Lioshe kwa maji ya moto mara nyingi, bila sabuni kabisa. Lakini yale ya kuoshea vyombo yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu usiyaguse, yatakuulia hao hao bakteria unaowatafuta.

Kuhusu ziwa, hapa nisikilize vizuri. Maji ya Kivu yana magnesiamu na bikaboneti nyingi, na pH yake juuni, kile kipimo cha asidi na alkali ambacho 7 ni katikati, inakaribia 9. Samaki waliozaliwa humo wameyazoea. Shida ni amonia. Amonia ndani ya maji iko katika hali mbili, na moja ndiyo yenye sumu kali. Kwenye maji ya pH 7 yenye nyuzijoto 25, ile ya sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9, joto lile lile, inapita asilimia 30. Maana yake, chakula kile kile kilichooza chini ya tangi, ambacho kwenye maji ya bomba samaki wangekivumilia siku mbili tatu, kwenye maji ya ziwa kinaweza kuwamaliza kwa usiku mmoja.

Sikukatazi kuteka. Nasema ukiteka maji ya ziwa, sponji lako liwe limeshakomaa kwanza, yaani bakteria wameshashika, na pampu isilale. Mimi natumia ya bomba, nayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima huku jiwe la hewa likitoa mapovu ndani yake, klorini itoke.

Mkaaji wa Himbi, Goma

Mniruhusu jirani wa ng'ambo. Sisi tunayo mawe meusi ya volkano, yamejaa kila uwanja tangu mlipuko wa mlima Nyiragongo wa 2002, na mengine yakaongezeka 2021. Chagua yale mepesi yenye vitundu vingi. Yachemshe, yasugue, kisha yapange kwenye kikombe cha plastiki kilichotobolewa, na sponji likae juu yake. Uzito unazuia kichujio kisielee, na bakteria wanapata nyumba ya pili. Yanakata mikono, kuweni waangalifu, na samaki wenye mapezi marefu yasiwaguse.

Tena tusisahau kimo. Uso wa ziwa letu uko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Maji ya nyuzi 25 kule pwani yanabeba oksijeni kama miligramu 8 kwa lita. Huku kwetu ni karibu 7. Ndiyo maana nasema tusijaze samaki kwa kufuata hesabu za watu wa pwani. Yale mapovu yanayotikisa uso wa maji ndiyo pumzi yao.

Mzee wa Panzi

Vijana wangu, mimi nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, niliwapata kupitia Uvira. Baadhi yao mama anatunza mayai mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea. Kichujio cha mota kinawanyonya wale watoto. Sponji haliwanyonyi. Tena wanakuja wenyewe kulidonoa. Ukikaa karibu na kioo utawaona wamejipanga juu yake, kila mmoja na kipande chake, wanakula vijidudu vilivyoota hapo. Siku za kwanza nawapa chakula kidogo mno, sponji linawalisha.

Kwangu sponji huwa mawili katika tangi moja. Nalisafisha moja, naliacha la pili wiki mbili tatu, kisha zamu yake. Na mtu akianza tangi jipya, anakuja kwangu na kopo la maji, namkatia kipande cha sponji kuukuu au namkamulia ule uchafu wa kahawia kwenye tangi lake. Huo uchafu ndio mbegu. Wiki sita zinapungua sana. Yule wa Bagira aje, nitampa.

Mwanafunzi, Bagira

Aksanti sana muzee, nitakuja. Na ya kusafisha, naliosha chini ya bomba?

Mzee wa Panzi

Hapana mwanangu. Siku unapobadilisha maji, teka maji ya tangi kwenye beseni, likamue humo mara kadhaa, lirudishe. Likibaki na rangi ya kahawia ni sawa. Klorini ya bomba inaweza kuwaua bakteria.

Mama wa Muhumba

Na umeme ukikaa umekatika siku nzima?

Mwanzisha mada, Nguba

Mama, mimi ninayo pampu ndogo inayotumia waya wa kuchajia simu, ya wati 1 hivi. Powabanki ya mAh 10,000 inaibeba usiku mzima na kuzidi. Kama hakuna, usiwalishe kabisa siku hiyo, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu. Sponji lisitolewe majini, likikauka bakteria wanakufa.

Na kabla sijasahau: mkipuliza dawa ya mbu nyumbani, zimeni pampu kwanza, mfunike tangi kwa nguo iliyolowa, mfungue madirisha mpaka harufu iishe. Pampu inavuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja kwenye maji, na zile dawa samaki hawaziwezi hata kidogo.