Mtu mzima unapangusia mafuta ya mbavu kwenye karatasi ya muda ya mwenzako?!

Farasi wa Garland (mleta uzi)

Wakuu, nimefika nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, naandika nikiwa nimesimama jikoni.

Yule jamaa wa Dodge Challenger. Simtaji, mnamjua. Hakuna Mswahili Dallas nzima asiyemjua. Yule aliyewasha gari nje ya msiba mpaka mchungaji akasahau alikuwa anamzika nani. Yule ambaye akitoka nyumbani alfajiri kuku wa Fort Worth wanaacha kutaga.

Leo tulikuwa Ennis kwenye uwanja wa mbio za magari, wawili wawili, robo maili iliyonyooka. Mimi na Mustang GT yangu ya 2019, lita 5.0, nguvu za farasi 460, otomatiki ya gia kumi, haijaguswa kitu, tairi ni zilezile ninazoendea kazini. Yeye na hiyo Challenger yake, ile ya Hellcat, farasi 707, supachaja inalia kama mbu aliyemeza filimbi. Tukapangwa pamoja. Tukakimbia. Nikaenda dirishani nikapewa karatasi yangu ya muda. Mimi sekunde 12.31. Yeye 12.68. Someni tena. Farasi 247 zaidi yangu, na karatasi inasema 12.68.

Jioni tukakusanyika kwenye nyama. Nikaiweka karatasi mezani pembeni ya bakuli la kachumbari, kila mtu aione. Huyu bwana anakuja na ubavu mkononi. Anautafuna, anaumaliza, anaangalia huku na huku kama anatafuta tishu. Tishu zipo! Boksi zima liko mbele yake! Anachukua KARATASI YANGU. Anapangusa kidole gumba. Anapangusa cha shahada. Anapangusa cha kati. Halafu mdomo. Halafu anaikunja vizuri mara mbili, ananirudishia, anasema: "Asante kaka, bajaji yako ina faida."

Watu wakacheka. Mezani pote. Mpaka watoto.

Karatasi zile zinachapwa kama risiti za dukani, mafuta yakipita maandishi yanafifia. Hapa nimeishika kwenye taa ya friji. 12 naiona. 31 imekwenda. Ya kwake 12.68 imekwenda yote, na hapo ndipo kidole gumba kilipokaa muda mrefu. Mnadhani ni bahati mbaya?

Eti alichelewa kwa sababu alitumia funguo nyeusi ya gari. Nyekundu ilikuwa inaning'inia kiunoni kwake kama hirizi!

Kiti cha Mbele

Nimewahi siti. Endeleeni.

MtotoWaTandika

Bila picha ya hiyo karatasi hii ni chai ya rangi haina hata sukari.

Farasi wa Garland

Picha ya nini wakati imejaa mafuta? Hiyo ndiyo kesi yenyewe! Nikipiga picha mtaona alama ya kidole gumba tu.

SilindaNane

Kwa wasiojua: Hellcat inakuja na funguo mbili. Nyekundu inafungua nguvu zote, nyeusi inaibana injini isizidi farasi 500. Mleta uzi, unakumbuka spidi yake ya mwisho?

Farasi wa Garland

121. Yangu 115. Hizo nilizisoma kabla hajapangusa. Nitazikumbuka mpaka kaburini.

SilindaNane

Basi funguo nyeusi ni uongo. Gari lile lina uzito wa kama tani mbili. Kwa farasi 500 halifiki maili 121 kwa saa mwisho wa robo maili. Mimi nina Dodge Scat Pack, lita 6.4, farasi 485, na siku nikibahatika nakamata 112. Spidi ya mwisho inakuambia injini ina nini. Muda unakuambia mguu wa dereva ukoje. Huyo alikandamiza mafuta taa ilipowaka, tairi zikazunguka palepale, futi 60 za kwanza zikammalizia muda wote. Kanunua farasi 707, wale 300 wa mwanzo kawapa kazi ya kuchoma lami.

Farasi wa Garland

ASANTE. Angalau mtu mmoja mwenye akili. Na mtu aliyeshindwa kuondoka ndiye anachukua karatasi ya aliyeondoka vizuri, anapangusia mdomo!

Omosh wa Arlington

Boss, swali moja tu. Nani alivuka laini kwanza?

Farasi wa Garland

Swali halihusiani na uzi.

Omosh wa Arlington

Linahusiana sana. Wewe sema.

MtotoWaTandika

Kimya kimeingia. Jibu bwana Farasi.

Farasi wa Garland

Sawa. Taa ya kijani ilipowaka mimi nilikuwa bado naangalia mita. Nikachelewa kidogo, sekunde 0.91. Yeye 0.42. LAKINI saa ya muda wa gari haianzi mpaka tairi litoke kwenye ule mwale wa mwanga pale mstarini! Ukilala pale dakika tano gari lako bado ni 12.31! Tunalinganisha magari au tunalinganisha kushtuka?

Omosh wa Arlington

12.31 ujumlishe 0.91 ni 13.22. Yeye 12.68 na 0.42 ni 13.10. Alikushinda na urefu wa gari moja mzima, boss. Watu wote pale waliona Challenger ikipita mbele, halafu wewe unaleta karatasi kwa meza eti umeshinda. Hata mimi ningepangusa.

MtotoWaTandika

Hahahaaa! Uzi umekufa ukiwa mchanga. Mwenzetu alilala kwenye taa akaamkia kwenye kachumbari.

Kiti cha Mbele

Jamani mshukuruni Mungu. Mustang imetoka kwenye mkusanyiko wa watu ikafika nyumbani bila kupanda ukingo wa barabara wala kugonga nguzo. Hiyo peke yake ni habari.

Farasi wa Garland

Wanaogonga nguzo ni watoto waliozima mfumo unaozuia tairi kuzunguka bure. Mimi nina miaka saba na gari hili, halina hata mkwaruzo. Na hata kama alinitangulia, hata kama alinitangulia na magari KUMI, mnakubali apanguse? Mdomo? Kwenye jina langu? Maana namba ya gari langu imeandikwa pale juu, na mchuzi ukapita hapohapo!

Mjane wa Camaro

Ninyi mna bahati mna magari ya kugombania. Camaro ya Chevrolet waliacha kuitengeneza Desemba 2023 na hakuna aliyefungua uzi. Ile SS ina lita 6.2, farasi 455, na kwenye kona zenu wote mngekaa nyuma yake. Twendeni kwenye uwanja wenye kona siku moja tuone Hellcat ya tani mbili inavyogeuka kama jahazi.

SilindaNane

Camaro kwenye kona nakubali, gari lile lilijengwa vizuri. Shida ni kuona nje. Nilipanda ya rafiki yangu, madirisha kama tundu la kutumbukizia barua. Unabadili njia kwa imani.

Mjane wa Camaro

Afadhali imani kuliko ninyi wa Dodge. Challenger nayo waliacha kuitengeneza mwezi huohuo kule Brampton, tena Kanada, sasa mmeletewa Charger ya betri inayotoa mngurumo kwa spika.

SilindaNane

Hapo umenigusa pabaya. Lakini wamerudisha ya petroli, silinda sita, turbo mbili, farasi 550. Na kabla ya kuondoka Challenger iliacha Demon 170, farasi 1,025 kwa mafuta ya E85 yenye ethanoli nyingi, robo maili sekunde 8.91. Gari la dukani lenye namba za barabarani! Camaro iliaga na gari gani?

Farasi wa Garland

Wakuu, Demon haihusiki. Tuko kwenye karatasi.

Dada wa Euless

Mimi la karatasi sijui ila huyo kaka namjua na nina langu. Kwenye kikao cha harusi yangu alisimama akaahidi mchango dola 300, akapigiwa makofi na vigelegele. Mpaka leo sijaona senti. Ndoa ina mtoto wa miaka miwili. Kumbe zinaishia kwenye tairi.

Omosh wa Arlington

Wacha! Kwetu pia aliahidi, ile harambee ya kusafirisha mwili. Na alikuja na hiyo gari, akapewa kiti cha mbele.

Bibi Mkwe

Jozi ya tairi za nyuma za gari lile inafika dola mia nane mpaka elfu moja. Mwanangu ana kama hilo, kila miezi sita anakuja kuniomba. Dada wa Euless, michango yenu yote imebaki Ennis kama alama nyeusi.

Dada wa Euless

Mhazini bado ana daftari, na jina lake liko ukurasa wa kwanza.

Aliyeibiwa

Mimi nilikuwa na Charger ya Hellcat. Ilichukuliwa usiku nje ya nyumba, sikusikia hata mlango, na gari lile huwezi kuliwasha bila mtaa mzima kuamka. Nilivyoenda bima wakaniambia sikuwa peke yangu. 2023 taasisi ya HLDI, inayokusanya takwimu za bima za magari, ilitoa hesabu za madai ya wizi Marekani, Charger SRT Hellcat ikawa namba moja. Bima yangu ya mwezi ilikuwa inazidi malipo ya gari lenyewe. Sasa naendesha Camry na nalala.

MtotoWaTandika

Mimi niko Dar na Crown yangu, petroli nikijaza nusu tanki nakosa hamu ya kula. Ninyi mna V8 mnalia karatasi.

Farasi wa Garland

NARUDIA. Kidole gumba. Cha shahada. Cha kati. Mdomo. Akakunja mara mbili. Akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu! Hakuna anayeona uzito wa hili? Ijumaa ijayo naenda tena Ennis, na karatasi naiweka kwenye plastiki.

Dada wa Euless

Ukimwona huko mkumbushe 300.

Bibi Mkwe

Lakini hizo mbavu zilikuwa za nani? Maana nyama inayotoa mafuta kiasi hicho si ya mbuzi.

Omosh wa Arlington

Ni za ng'ombe, mimi nilikuwa pale. Zilikuwa zimeiva vizuri mno.

Bibi Mkwe

Na aliyechoma ni nani? Nina shughuli mwezi ujao.