Mjadala: Majibu ya mkojo na udongo yarudi kwa wenyewe kabla ya kuchapishwa?

Swali: watafiti wanapima mkojo, mboga na udongo wa watu wa Lubumbashi, mji wa migodi huko Kongo, wanaoishi upande ambao upepo unapeleka vumbi la dohani kubwa, yaani bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyusha shaba. Je, walazimishwe kurudisha majibu kwa kila nyumba kwanza? Wanaojadili ni watu wa komuni tatu za mji huo: Kampemba, Katuba na Ruashi.

Wa Kampemba: Walazimishwe. Mwaka 2009 mtafiti Banza wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba kobalti (metali ya migodini) kwenye mkojo wa watu wa Katanga walio karibu na migodi na viwanda ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Makala hayo yameandikwa kwa Kiingereza. Mama aliyetoa mkojo wa mtoto wake atayasomea wapi?

Wa Katuba: Ndugu, mkojo wa asubuhi moja unasema habari za siku chache tu, maana kobalti nyingi hutoka mwilini upesi. Usipolinganisha na kreatinini (taka ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito au mwepesi), aliyekunywa maji mengi ataonekana mzima. Mtoto akigusa kifuniko kwa ndani na vidole vya vumbi, umepima vumbi. Ukimpa mzazi namba kavu, na dispensari haina dawa yake, umempa hofu.

Wa Ruashi: Basi anzeni na bustani, kule majibu yana kazi. Chota udongo sehemu 5 za kiwanja, kina cha sentimita 20, changanya, kausha kivulini, chekecha, pima pH (kiwango cha asidi). Lengalenga (mchicha) za tuta moja zigawe: nusu zioshwe, nusu ziachwe, zote zipimwe. Metali ikishuka sana baada ya kuosha, adui ni vumbi: mboga zioshwe maji matatu, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa kavu. Isiposhuka, mizizi ndiyo inayovuta, na udongo wenye asidi unaiachia shaba na kobalti. Hapo chokaa inasaidia. Lakini pimeni arseniki, ile sumu, kwanza! Hiyo chokaa inaweza kuifungua zaidi.

Wa Katuba: Na nani atalipa? Asistenti wa chuo anapanda kuwa shefu wa kazi (cheo kinachofuata) kwa makala, si kwa kuzunguka nyumba. Majibu yakichelewa, mpangaji ameshahama.

Wa Kampemba: Yaandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kamati ya maadili ikatae mradi usio nayo. Na yasisomwe kwenye mkutano wa avenyu (wa mtaa), kiwanja kitashuka bei. Kila nyumba namba yake, faraghani.

Wa Katuba: Kwa udongo na mboga, nakubali. Kwa mkojo, si kabla ya kupima mara ya pili.