Wanachama, wapenzi na mashabiki: tuwaiteje kwa Kiingereza?

Idrisa: Assalaam alaykum. Wakubwa zangu, shikamooni. Nimepewa kazi ya kutafsiri kwa Kiingereza taarifa ya klabu moja ya mpira hapa Dar es Salaam, nayo inaanza kama zianzavyo taarifa zote za aina hiyo: "Uongozi unapenda kuwataarifu wanachama, wapenzi na mashabiki." Wanachama hawanisumbui. Je, wapenzi na mashabiki wote niwaite fans?

Shangazi Zuhura: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Kwanza, usithubutu kuandika lovers, kwa sababu Mwingereza akilisoma neno hilo atafikiria mambo ya chumbani, hali wapenzi wa klabu ni watu na heshima zao wanaokwenda uwanjani na watoto wao. Neno fan limekatwa kutoka fanatic, ambalo asili yake ni neno la Kilatini fanum, yaani hekalu; aliyeitwa hivyo alikuwa mtu aliyepandwa na jazba ya ibada hata akawa kama hayumo akilini mwake. Wamarekani ndio waliolieneza neno fan, katika miaka ya 1880, wakiwaita hivyo wafuatiliaji wa besiboli, na tangu hapo ukali wake umepungua sana, hata leo Mwingereza atasema yeye ni fan wa mwandishi fulani au wa supu ya dengu, na hakuna atakayeshangaa.

Baba Mdogo Salum: Dada, hapo umegusa penyewe. Shabiki wetu bado ana moto wake. Ukimwambia mtu "acha ushabiki" unamlaumu kwamba ameacha kupima mambo akaegemea upande, na ndiyo maana magazeti yakiandika "ushabiki wa kisiasa" hayasifu. Sijapata kumsikia mtu akijiita shabiki wa maharage.

Shangazi Zuhura: Ndivyo, mdogo wangu. Kwa hiyo, Idrisa, siku utakapotafsiri kutoka upande wa pili ukakuta "I'm not a fan of coffee", usiandike "mimi si shabiki wa kahawa". Sema "kahawa siipendi sana", na sentensi itakuwa imekaa.

Dada Mwanaidi: Shikamooni nyote. Huku Leicester maneno fan na supporter hukaribiana sana, na gazeti linaweza kuyatumia yote mawili katika habari moja. Hata hivyo, watu wakitaka kuonyesha kwamba wana haki juu ya klabu yao, mara nyingi huchagua supporter. Mwaka 1992, klabu ya Northampton Town ilipoelemewa na madeni, watu wake waliunda umoja, wakanunua hisa na kupata mwakilishi kwenye bodi, na umoja huo wakauita Supporters' Trust. Katika siasa tofauti inaonekana zaidi: wanaompigia kura mgombea ni supporters wake, lakini ukiwaita fans, msomaji ataelewa kwamba wanamhusudu kama wanavyomhusudu mwanamuziki.

Baba Mdogo Salum: Na mwanachama asichanganywe na hao wote. Mimi nina kadi ya Yanga, nalipa ada, na mkutano mkuu ukiitishwa naingia kupiga kura. Shabiki, hata awe hakosi mechi, kura hana. Klabu hizi mbili za Kariakoo, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya 1936, zimejengwa na wanachama, na hata mfumo wa kumiliki klabu kwa hisa ulipoletwa Simba, mwekezaji alitengewa asilimia 49 ya hisa na wanachama wakabaki na 51. Members wasimame peke yao, tena mwanzoni.

Idrisa: Nimewaelewa. Nimeandika hivi: "The management wishes to inform all members, supporters and fans of the club." Mpenzi nimempa supporter, kwa kuwa ndiye anayeshikamana na timu hata inapofungwa.

Shangazi Zuhura: Inasomeka vizuri. Sasa angalia aya ya tiketi. Pakitajwa mashabiki wa timu ngeni, Waingereza huandika away fans.

Dada Mwanaidi: Au away supporters. Yote mawili hutumika, ila chagua moja, ulishike hadi mwisho wa taarifa, kwa sababu msomaji anayetafuta geti lake la kuingilia akikuta majina mawili atadhani ni mageti mawili.