Bibi si mwanga

Kikundi: UZAO WA BIBI MWANA

IJUMAA

Fatma (Tanga): Bibi kapatikana. Yuko nyumbani anakunywa uji.

Mama Mdogo Tatu (Muscat): Alhamdulillah! Nilikuwa nimekaa chini tu hapa, miguu haina nguvu. Alikuwa wapi?

Fatma: Barabara ya 12, Ngamiani. Alisimama mbele ya duka la simu anawaambia wamfungulie mlango, ni kwa baba yake. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemtambua akampakia. Nauli kaikataa.

Mama Mkubwa Zena: Nyumba ile iliuzwa mimi bado sijaolewa.

Idi (Mombasa): Shikamooni wote. Poleni sana. Hajaumia?

Fatma: Kiatu kimoja kimepotea, mguu umekwaruzika. Ila lipo jambo limenikaa kooni. Wakati namshusha, mama mmoja wa mtaani alisema kwa sauti, na watu wamejaa: "Si niliwaambia? Juzi saa tisa usiku alikuwa uani kwangu na kanga moja. Yule ni mwanga." Bibi akageuka akamwamkia vizuri tu, "hujambo mwanangu". Nimelia.

Mama Mdogo Tatu: Astaghfirullah. Mama yangu mimi?

Mjomba Hamisi (Dar): Fatma, usije ukaandika jina la mtu hapa. Na nawaomba wote, habari hii isitoke kwenye kikundi. Mama ni mtu wa heshima, kawasomesha Qur'ani watoto wa mtaa mzima. Ya ndani yabaki ndani.

Mama Mkubwa Zena: Hamisi, yameshatoka. Yametoka yenyewe kwa miguu yake.

Mama Mkubwa Zena: Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Mwaka wa pili sasa. Alianza kwa kuuliza jambo moja mara tano, tukasema uzee. Akaja akaanza kutia chumvi kwenye chai. Mama huyu, ambaye harusi ya mtu Tanga haikupikwa bila yeye kuonja pilau! Mwezi wa Rajabu akaniambia nimemwibia bangili za dhahabu, bangili alizokuozea wewe Tatu mwaka ule. Magharibi ikiingia hatulii, anataka kwenda kwao. Nilimpeleka kwa daktari, akamtazama dakika tatu, akasema huu ni utu uzima tu, akamwandikia vitamini. Sasa mtu akiniuliza mamako ana nini, nimwambie nini? Sina jina la kumpa. Ndiyo maana wamempa la kwao.

Mama Mdogo Tatu: Dada yangu, nisamehe. Mimi nilidhani unachoka tu.

Saumu (Dar): Shikamoo Mama Mkubwa, shikamoo Mjomba. Nimetoka zamu sasa hivi ndiyo nasoma. Hilo neno la mwisho la Mama Mkubwa nimelisoma mara tatu. Ugonjwa usipotajwa jina, watu hawauachi bila jina. Wanauita wanavyojua wao.

Saumu: Mjomba, unakumbuka Babu alivyokuwa akisimulia Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Kiismaili, kupimwa uzito kwa almasi?

Mjomba Hamisi: Marahaba. Nitasahauje? Dar es Salaam, 1946. Mzee alikuwa kijana mdogo. Alisema mizani ilikuwa kubwa kama kitanda. Linahusiana nini na mama?

Saumu: Linahusiana. Yule aliyepimwa ana mjukuu wa kike, Yasmin Aga Khan, dada kwa baba wa Aga Khan Karim aliyefariki Februari 2025. Mama yake Yasmin si Mwismaili wala si mtu wa huku. Ni Rita Hayworth, nyota wa sinema wa Marekani. Waliooana ni yeye na Prince Aly Khan, mtoto wa huyo aliyepimwa, mwaka 1949, na Yasmin kazaliwa Desemba mwaka huo huo.

Mama Mdogo Tatu: Rita Hayworth namjua! Picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye saluni moja Tanga tukiwa wadogo. Mzuri kupindukia.

Saumu: Ndiyo huyo. Sasa sikilizeni. Alipofika umri wa miaka hamsini na kitu akaanza kusahau. Filamu yake ya mwisho, mwaka 1972, ilibidi asomewe mstari mmoja, aseme, asomewe mwingine, kwa sababu hashiki. Januari 1976 aliteremka ndege London, nywele zimetimka, hajui yuko wapi, na wapiga picha wakamjaa. Picha zikaenda dunia nzima. Magazeti yakasema nini? Mlevi.

Fatma: Kumbe.

Saumu: Mlevi. Kila aliposahau, mlevi. Akikasirika bila sababu, mlevi. Pombe alikuwa akinywa, sitaficha, ila haikuwa pombe iliyokuwa ikimla ubongo. Mwaka 1980 ndipo madaktari wakaitaja Alzeima, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, na wakati huo hata Wamarekani wengi neno hilo hawajawahi kulisikia. Yasmin alikuwa binti wa miaka 31 mahakama ilipomkabidhi ulezi wa mama yake, 1981. Akamhamishia New York, nyumba ya ubavuni mwa kwake, akamtunza mpaka alipofariki Mei 1987, ana miaka 68.

Idi: Miaka 68 tu? Bibi wetu kamzidi mbali.

Saumu: Ndiyo, kwake ulianza mapema. Na angeweza kumfungia ndani, watu wamsahau. Pesa ipo, ukoo mkubwa, jina la baba yake linaheshimiwa mpaka milima ya Pamir, Asia ya Kati. Badala yake akasimama mbele ya watu akasema: mama yangu si mlevi, ana ugonjwa, na unaitwa hivi. Akaingia kwenye chama cha Alzeima cha Marekani kilichokuwa kichanga, kimeanzishwa 1980 huko Chicago na Jerome Stone, mfanyabiashara ambaye mkewe alikuwa na ugonjwa huo huo. Katikati ya miaka ya 1980 wakaanza dhifa ya kila mwaka kwa jina la mama yake, na tangu hapo imeshachangisha zaidi ya dola milioni 60. Baadaye akawa rais wa shirikisho la vyama vya Alzeima duniani. Maisha yake yote ameyatia humo.

Mjomba Hamisi: Saumu mwanangu, hadithi nzuri. Lakini hao ni watu wakubwa. Wakubwa wakisema, wanapigiwa makofi. Sisi tukisema, tutaambiwa ukoo wetu una wazimu. Mabinti hapa bado hawajaolewa.

Saumu: Mjomba, nakuelewa, na sikubishii kwa kukosa adabu. Pesa ilimnunulia Rita manesi. Lakini pesa haikumfutia neno mlevi, maana alikuwa nayo miaka yote na neno likabaki. Lililolifuta ni mwanawe kusema.

Saumu: Na lipo moja linanigusa kuliko dhifa zote. Rita alipofariki, rais wa Marekani Ronald Reagan alitoa salamu akaisifu familia yake kwa ujasiri wa kusema wazi. Miaka saba baadaye, Novemba 1994, Reagan huyo huyo aliandika barua kwa mkono wake kuwaambia wananchi kwamba na yeye anao.

Mama Mdogo Tatu: Subhanallah. Rais mzima.

Mama Mkubwa Zena: Hauchagui.

Idi: Mjomba, naomba niseme la huku. Kilifi wazee wanauawa kwa neno hilo hilo alilolisema yule mama. Mzee anasahau, anatangatanga usiku, anasema peke yake, basi ni mchawi. Godoma, huko huko Kilifi, kuna mahali wanapohifadhiwa wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Nimewaona kwa macho yangu. Mmoja aliniuliza mara nne mimi ni mtoto wa nani. Sasa nikisikia Bibi kaitwa mwanga hadharani, mimi siwazi fedheha. Nawaza panga.

Fatma: Usiseme hivyo kaka.

Idi: Nasema kwa sababu naogopa.

Idi: Na si wakubwa wa ng'ambo peke yao. Nairobi yupo Elizabeth Mutunga. Baba yake ndiye aliyeugua, akatafuta mtu wa kumweleza hakumpata, akaanzisha chama cha Kenya cha Alzeima na dimensia, yaani kundi zima la maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu, Alzeima ikiwemo. Leo wanaouguza wanakaa pamoja wanasaidiana. Yeye hakuwa binti wa mfalme.

Mjomba Hamisi: Niacheni kidogo. Naenda kuswali.

JUMAMOSI

Mama Mkubwa Zena: Kalala usiku kucha. Nimefunga mlango wa uani kwa kitasa cha juu, hakuangalia juu.

Saumu: Umefanya vema Mama Mkubwa, ila funguo uvae shingoni, moto ukizuka usihangaike. Na hatusemi ni dimensia mpaka apimwe sawasawa. Yapo yanayofanana nayo na yanatibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, maambukizi ya mkojo, huzuni kubwa, hata dawa anazokunywa. Presha na masikio pia apimwe. Mtu asiyesikia vizuri huonekana amechanganyikiwa. Mleteni Dar, nitampangia nafasi Muhimbili nikae naye mimi mwenyewe.

Mama Mdogo Tatu: Nauli na vipimo juu yangu. Na Dada Zena apumzike wiki mbili, tutafute binti wa kumsaidia, mshahara natuma kila mwezi.

Mama Mkubwa Zena: Mungu akuzidishie. Ila binti ajue kusikiliza. Mama akisema anataka kwenda kwao hataki kuambiwa kwao kumeuzwa. Nilimwambia siku moja. Alilia kama kauzwa yeye.

Saumu: Hapo ndipo penyewe. Anachotafuta si ile nyumba ya Barabara ya 12, ni utulivu aliokuwa nao humo. Mwulize, kwenu kulikuwaje? Nani alikuwa akipika? Aongee, mtembee mpaka kona mrudi. Na kwenye kanga mshoneeni kitambaa chenye namba ya simu ya Fatma.

Fatma: Fatiha bado anaisoma yote bila kukosea. Na akisikia mtoto anasoma vibaya anamrekebisha!

Saumu: Hivyo vya utotoni mara nyingi ndivyo vinavyokawia kuondoka. Mleteeni watoto wamsomee. Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, matokeo yakatoka 2013: kati ya wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, kama 6 wana dimensia. Karibu wote hawakuwa wameambiwa na daktari yeyote. Hesabuni wazee wa Ngamiani, halafu mniambie Bibi yuko peke yake.

Mjomba Hamisi: Nilikuwa nasoma kimya. Nina la kusema, na haliniji kirahisi. Idi ya mwaka jana mama aliniita Mwinyi. Jina la baba. Nikamwambia mama, mimi Hamisi, Mwinyi alishakufa. Akaanza kulia upya kama ndiyo kwanza anapewa habari ya msiba. Tangu siku hiyo nikija Tanga nakaa saa moja naondoka. Mkadhani ni kazi. Si kazi. Nilikuwa simkimbii yeye, nakimbia kumuua baba mbele yake kila nikija.

Mama Mkubwa Zena: Kaka yangu.

Mama Mdogo Tatu: Basi kaka, basi.

Saumu: Mjomba, siku hiyo hukujua. Akikuita tena kwa jina la Babu, itika. Huo si uongo wa kumhadaa. Anamhitaji mtu fulani, na wewe ndiye uliye karibu naye.

Mjomba Hamisi: Nimekata tiketi ya basi la asubuhi.

JUMAPILI

Fatma: Mjomba kafika saa saba. Alasiri imekwisha sasa hivi, yuko barazani kwa wauza kahawa. Nimekaa dirishani nasikia kila kitu. Mikono inatetemeka, nitaandika ninavyoweza.

Fatma: Kasema: "Waungwana, mama yangu anaumwa. Ugonjwa wenyewe ni wa ubongo, unakula kumbukumbu. Usiku anatoka kwa sababu hajui ni usiku. Mkimwona, mshikeni mkono mnirudishie. Ni mama yenu pia, wengi wenu amewafundisha alifu."

Mama Mdogo Tatu: Wakasema nini?

Fatma: Kimya. Kimya kirefu mpaka nikaogopa.

Fatma: Halafu yule mzee fundi cherehani akasema mama yake alikuwa hivyo hivyo. Walimfungia chumba cha nyuma miaka minne, wakawaambia watu amesafiri kwenda Pemba. Alifia humo. Akasema hajawahi kumwambia mtu mpaka leo. Na jamani, mwenye kulia zaidi ni mume wa yule mama aliyesema mwanga.

Idi: Lahaula.

Mama Mkubwa Zena: Miaka minne. Mimi nilimpelekea mkono wa Idi mama yake fundi, nikaambiwa yuko Pemba.

Fatma: Yule mama mwenyewe kaja sasa hivi mlango wa uani na bakuli la kaimati. Hajasema kitu. Bibi kampokea, kamwambia "hujambo mwanangu" vile vile kama juzi. Wamekaa mkekani.

Saumu: Mwacheni akae. Msimkumbushe neno lake.

Mama Mkubwa Zena: Nimempa chai.

Fatma: Mjomba uko wapi? Magharibi imeingia, Bibi ameanza kuhangaika. Anaita Mwinyi.

Mjomba Hamisi: Nipo mlangoni. Naitika.