Mrejesho: Baba aliyepotewa na maneno baada ya kiharusi

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama baba yangu, aliyelazwa hapa Kisumu, alikuwa amechanganyikiwa akili kwa kuwa, siku ya tatu baada ya kiharusi, alikiita kijiko "ufunguo". Nilifuata ushauri wa kuomba apimwe lugha mapema, kabla hajaruhusiwa kutoka wodini: muuguzi alimtaka ataje vitu anavyoonyeshwa, arudie sentensi, afuate maagizo mafupi, asome na aandike jina lake. Mara ya kwanza alishindwa karibu yote, nasi tukavunjika moyo. Kumbe alipimwa kwa Kiingereza tena bila miwani yake. Alipopimwa upya kwa Kijaluo, ilidhihirika kwamba anaelewa vizuri ila maneno hayamjii, yaani ana afasia, wala si wazimu kama majirani walivyonong'ona.

Ushauri wa kumtafutia mtaalamu wa tiba ya usemi umefaa nusu tu, kwani tunampata mara moja kwa mwezi. Kumpa kalamu aandike badala ya kusema hakukusaidia hata kidogo, maana uandishi nao umeathirika. Picha za kuonyesha kwa kidole ndizo zinazotufaa. Jana aliomba chai mwenyewe, ingawa aliiita "maji mekundu".