Sare katika Najdorf: nilikosea au nilicheza salama?

Swali: Katika raundi ya mwisho ya mashindano ya sataranji (chesi) nilicheza Sisilia aina ya Najdorf, mojawapo ya njia za kuanza mchezo, nikiwa na kete nyeusi, na katika hatua ya 8 malkia wangu alikula kitunda (kete ndogo) cha mpinzani kwenye nyumba ya b2, kile kinachoitwa kitunda chenye sumu. Baada ya hapo mfalme wangu alibaki katikati bila hifadhi, mpinzani akatoa kete moja ili kufungua njia, kisha akanishambulia kwa shaha (vitisho vya moja kwa moja kwa mfalme) za mfululizo ambazo sikuweza kuzikwepa, tukatoka sare. Je, mlango huu (njia hii ya kuanza mchezo) unastahili hatari yake?

Jibu la 1: Unastahili, mradi uwe umeusoma kwa kina. Huko Reykjavik, Iceland, mwaka 1972, katika pambano la ubingwa wa dunia, Mmarekani Bobby Fischer alikula kitunda hichohicho dhidi ya Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti katika mchezo wa 7, ukaisha sare. Alipokila tena katika mchezo wa 11, Spassky alirudisha farasi wake b1, nyumba aliyoanzia, na hatimaye malkia wa Fischer akanaswa. (Hatua ya kurudi nyuma ni ngumu kuiona, hata kwa bingwa.)

Jibu la 2: Naongeza kwamba sare ya namna hiyo si ya woga. Mweupe alikuwa amekwisha kutoa kete, na bila shaha hizo angeshindwa. Tafadhali weka hatua zote, hasa kuanzia ya 10.

Muulizaji: Nitaziweka leo jioni.