Tupeane uzoefu: meno na fizi za paka mdogo, kuanzia miezi miwili hadi mwaka

Nyaunyau
Wakuu, chanjo, minyoo na viroboto tunavijua. Mdomo tunaukumbuka paka akishaanza kunuka. Uzi huu ni wa mdomo tu. Mwenye mbinu inayofanya kazi aimwage hapa na vipimo vyake: nini, kiasi gani, mara ngapi. Zile za "wangu hajawahi kuumwa" tuziache.

Bi Shungi
Umri kwanza. Paka mdogo ana meno 26 ya utoto. Yanaanza kung'oka kwenye miezi mitatu na nusu hadi minne, na akifika miezi sita au saba anakuwa na meno 30 ya ukubwani. Kumzoesha kuanze kabla ya hapo, kwenye wiki ya nane hivi. Ukisubiri mwaka utapambana na makucha.

Siku za mwanzo msugue mashavu kwa kidole, basi, kisha mpe kitu alambe kidoleni. Akitulia, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, hesabu mbili, achia. Baadaye zungushia kidole cha shahada shashi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) iliyolowana maji, upanguse meno kwa nje. Mswaki ndio wa mwisho: ule wa mtoto mchanga, kichwa kidogo, laini kabisa. Mpakate akiwa amekupa mgongo. Usimpanue mdomo, maana upande wa ndani ulimi wake wenye miiba unausafisha kiasi cha kutosha. Inamisha mswaki nyuzi 45 hivi ili ncha ziguse mpaka wa jino na fizi, pale pale uchafu unapojificha. Sekunde 15 kila upande zinatosha.

Mla Dagaa
Naongezea hapo: usianzie mbele. Anza na gego kubwa la juu, nyuma ya shavu. Mate yanamwagikia karibu nalo, ndiyo maana linashika ukoga kabla ya mengine. Halafu chonge. Vijino vya mbele mwishoni, kwa kuwa paka wengi wanakasirika ukivigusa na kazi inaishia hapo.

Paka Shume
Mara moja kwa wiki si inatosha jamani?

Bi Shungi
Haitoshi, mdogo wangu. Utando laini unaokaa juu ya jino unaanza kuwa mgumu ndani ya siku mbili tatu. Ukishakuwa ukoga mgumu mswaki hauutoi tena, na kuukwangua kwa kucha au kisu kunachubua jino na kukata fizi. Kila siku, au ukizidiwa siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Duka la Mifugo
Kuhusu dawa ya meno: ya watu hapana, hata ile ya watoto. Paka hajui kutema, anameza floridi na povu lote. Ipo ya paka yenye ladha ya kuku au samaki, kiasi cha punje ya choroko kwa mdomo mzima. Ukiikosa, tumia maji matupu, kwani kinachosafisha ni ule msuguo. Kumvutia, chovya mswaki kwenye maji ya kuchemshia samaki yasiyo na chumvi wala kitunguu. Kitunguu kinaharibu damu ya paka.

Na zile tiba za jikoni: magadi, chumvi, ndimu, mafuta ya karafuu, zote weka pembeni. Mafuta ya karafuu ni sumu kwake. Panadol ndiyo mbaya kuliko zote, hata nusu kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua.

Paka Shume
Na akiwa anabadilisha meno? Wa miezi mitano hapa fizi zinavuja damu kidogo.

Mla Dagaa
Hapo punguza mkono. Rudi kwenye shashi, au mguse tu mdomo asisahau. Damu kidogo kwenye jino linalolegea ni kawaida, na akimeza jino halimdhuru. Angalia chonge: ukiona mbili zimesimama sambamba, ya utoto nyembamba na mpya nene, ile ya utoto imegoma. Chakula kinakwama katikati na fizi inaoza. Usiing'oe kwa koleo, mzizi wake ni mrefu na unakatikia ndani. Mwambie daktari aitoe siku ile ile ya kumhasi, dawa ya usingizi iwe moja.

Duka la Mifugo
Wekundu nao una maana tofauti. Mstari mwembamba mwekundu kandokando ya jino ni utando, mswaki wa kila siku unaweza kuutuliza. Meno ya ukubwani yametoka na fizi zimevimba na kuvuja damu mdomo mzima, huo ni ugonjwa wa fizi wa paka vijana. Anahitaji kusafishwa akiwa amelazwa usingizi, mapema, kabla mfupa haujaliwa. Wekundu ukienda hadi nyuma kabisa, kwenye kona za taya, na paka anadondosha mate na kukimbia sahani huku ana njaa, muulize daktari kipimo cha virusi. Hapo mswaki unamtesa tu, acha.

Nyaunyau
Chakula kikavu je? Watu wanasema kinasafisha.

Bi Shungi
Kile cha kawaida kinavunjika ncha ya jino ikigusa tu, hakifiki kwenye fizi. Vipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya meno, tembe kubwa zisizopasuka haraka, hivyo vinasaidia. Mimi ningeogopa zaidi nyama tupu. Mtoto anayekuzwa kwa nyama, mapafu au maini peke yake anakosa kalsiamu, mifupa ya taya inakuwa laini na meno yanalegea. Dagaa wazima waliooshwa chumvi na kusagwa ni nafuu, ila si mlo kamili. Mfupa wa kuku uliopikwa usimpe, unapasuka vipande vyenye ncha.

Mla Dagaa
Akianza kukwaruza mdomo kwa mkono ghafla, chungulia paa la kinywa, mwiba au kipande cha mfupa hukwama pale kikikingama kati ya magego. Tazama na chini ya ulimi. Ukikuta uzi usiuvute, huenda ncha nyingine iko tumboni na utaukata utumbo. Mpeleke hivyo hivyo.